Mwanangu Nilimpiga kwa Kosa la Baba Yake: Nimwambieje?

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto watatu. Ninaishi Tanga mjini katika nyumba ya kupanga yenye wapangaji wanne, na ninauza vitafunio asubuhi karibu na stendi ya daladala. Mume wangu ni fundi seremala. Ninakuandikia kuhusu mtoto wetu wa kwanza, mvulana wa miaka 11 anayesoma darasa la tano, kwa sababu nimemkosea na sijui nianzie wapi kukitengeneza nilichokiharibu.

Mimi ni mweka hazina wa kikoba cha wanawake 22. Sanduku letu lina kufuli tatu, na funguo zake hushikwa na wanachama watatu tofauti, kwa hiyo pesa ikishaingia humo haina wasiwasi. Lakini mwezi Machi wanachama kadhaa ambao wasingeweza kuhudhuria mkutano wa Jumapili walinikabidhi mapema hisa zao na marejesho ya mikopo, jumla Sh 240,000, nami nikazihifadhi ndani ya kopo la maziwa ya unga, kabatini, chini ya khanga zangu. Jumamosi jioni, nilipofungua kopo ili nizihesabu, nililikuta tupu.

Siku hiyohiyo mwanangu alikuwa ameonekana dukani akiwanunulia wenzake soda. Nilipomuuliza pesa ameipata wapi, alijibu kwamba mjomba wake alimpa Sh 5,000 walipokutana njiani. Sikumpigia kaka yangu simu ili kuhakikisha. Nilikuwa nimechanganyikiwa, nikifikiria wanawake wale 22 na uso nitakaowaonyesha kesho yake. Nilichukua mwiko wa ugali nikampiga uani, mbele ya wapangaji na watoto wao, huku nikimuuliza pesa iko wapi, mpaka akasema, "Ni mimi mama, nimezichukua, zimepotea." Mume wangu alikuwa amekaa barazani wakati wote huo. Aliposikia mtoto amekiri, alisema, "Basi mwache, ameshakubali kosa."

Nilikopa kwa dada yangu nikazilipa. Kwa kuwa zilichelewa siku nne, ilinibidi nimweleze mwenyekiti wetu kwamba mwanangu alizidokoa. Nilimwambia pia bibi yake, tena nikamwomba ustadhi wa madrasa amkanye.

Siku tatu baada ya kipigo kile kaka yangu alinipigia simu kwa jambo jingine, akauliza kama mtoto alifikisha salamu "siku ile nilipompa elfu tano". Nilishtuka, lakini nilijisemea moyoni kwamba hilo halionyeshi kuwa zile nyingine hakuzichukua, maana alikiri kwa mdomo wake mwenyewe. Nikanyamaza. Wiki mbili baadaye niliazima simu ya mume wangu ili nitume pesa, nikaona ujumbe wa miamala: Ijumaa jioni aliweka Sh 240,000 kwa wakala, na kufikia Jumamosi mchana zote zilikuwa zimekwenda kwenye kampuni ya kubeti, kidogo kidogo. Hakukana. Alisema alikuwa na mkeka, yaani tiketi moja ya kubeti, wa mechi saba, sita zikatiki, ya saba ikauchana, akaanza kucheza tena ili azirudishe kabla sijalifungua kopo.

Sasa mume wangu anataka jambo hili liishe kimya. Anasema kwamba baba akishavunjiwa heshima mbele ya mtoto hawezi tena kumkanya, kwamba dini inatutaka tusitiriane aibu zetu, na kwamba mtoto wa umri ule husahau. Anapendekeza tumnunulie baiskeli, tuendelee na maisha.

Lakini mimi simwoni mtoto anayesahau. Haingii tena chumbani kwetu. Nikimtuma kitana, husimama mlangoni na kuniita nikichukue mwenyewe. Nikimtuma dukani, akirudi huipanga chenji mezani sarafu moja moja, akiihesabu kwa sauti, kisha husema, "Hesabu na wewe, mama." Watoto wa uani wamempa jina la Mdokozi, na haligombi.

Shangazi, je, nimwambie ukweli kuhusu baba yake, au nimsitiri mume wangu na kumwachia mtoto muda? Na nikimwambia, nimwambie kiasi gani?

Mama aliyekosea, Tanga

*

Marahaba mwanangu,

Nimeisoma barua yako mara mbili, na kitu cha kwanza nilichokiona ni kwamba umeuliza sana kuhusu kosa la mumeo na kidogo sana kuhusu la kwako, ingawa umejiita mama aliyekosea. Mwanao hajui lolote juu ya mikeka ya baba yake, kwa hiyo hilo halisubiri. Analolisubiri ni neno lako wewe. Mwiko ulikuwa mkononi mwako, na uliyemwambia mwenyekiti, bibi na ustadhi kwamba mtoto ni mdokozi ni wewe. Tena kuna zile siku zilizofuata simu ya kaka yako, ambapo ulikuwa umekwishajua kwamba mtoto alisema kweli kuhusu elfu tano, nawe ukanyamaza. Sikutajii hayo ili nikuumize. Ninayataja kwa sababu sehemu hiyo ya kosa haihitaji ruhusa ya mtu yeyote. Mumeo anaweza kukuomba umfichie lake, lakini hana uwezo wa kukuzuia usiombe radhi kwa lako, na unaweza kufanya hivyo leo jioni.

Turudi kwenye kile kilichokutuliza, yaani kukiri kwake. Mtoto anayepigwa huku akiulizwa swali moja hilo hilo hujifunza haraka kwamba kuna jibu moja tu linaloisimamisha fimbo, na hulitoa. Mwanao alianza na ukweli ("mjomba alinipa"), akauona ukweli ule haumsaidii kitu, akajaribu uongo, na uongo ukamwokoa. Ndiyo maana ninataka usichelewe: somo alilolipata uani siku ile ni kwamba nyumbani kwenu kusema kweli huleta maumivu na kusema uongo huleta nafuu, na atalitumia somo hilo kwa mambo makubwa zaidi ya soda atakapofika miaka 15. Kule kupanga sarafu mezani sikuchukulii kama adabu mpya. Ni mtu anayejikusanyia ushahidi mapema, kwa sababu amekwishaona kwamba neno lake peke yake halitoshi.

Niruhusu nikuchomekee kisa changu kidogo. Nilipokuwa na miaka minane hivi, bibi yangu mzaa mama alinichapa kwa kuvunja mtungi wa maji. Kesho yake alimkuta mbuzi wa jirani akiupigia pembe mtungi wa pili. Jioni, watu wote wakiwa wamezunguka sinia la wali, aliniita kwa jina langu akasema, "Huyu jana nilimpiga kwa kosa la mbuzi." Watu walicheka, mimi nikaona haya, naye akanimegea kipande chake cha samaki. Bibi yule aliogopwa na kijiji kizima, na sikumbuki kwamba aliogopwa pungufu baada ya siku ile.

Nimekusimulia hayo kwa sababu ya hofu ya mumeo kwamba heshima yake itavunjika. Hofu hiyo ninaielewa, kwa maana wanaume wengi wa rika lake wamelelewa na baba ambao hawakuwahi kutamka neno "nimekosea" mbele ya mtoto. Lakini heshima anayotaka kuilinda imekaa mahali pabaya sana: imekaa juu ya mgongo wa mtoto. Na ukweli wenyewe una njia nyingi za kutoka. Wewe uliupata kwenye ujumbe wa simu bila kuutafuta. Mtoto wa miaka 11 ambaye huazima simu ya baba yake acheze gemu anaweza kuukuta vilevile, na akiukuta mwenyewe atajua mambo mawili kwa pamoja: kwamba baba alichukua, na kwamba nyote wawili mlijua mkanyamaza. La kwanza mtoto huweza kulisamehe. Kwa la pili mimi siweki dhamana.

Kuhusu sitara, mimi si shehe, na kama mumeo anapenda amuulize anayemwamini. Ninachojua ni kwamba kusitiri aibu ya mtu ni jambo jema pale ambapo mwenye aibu ndiye anayesitiriwa na hakuna mwingine anayedhulumiwa. Hapa aibu imehamishwa. Imevuliwa kwa baba ikavishwa mwana, na mwana anatembea nayo uani ikiwa na jina. Aya ya 135 ya Suratun Nisaa inawaamrisha waumini wasimamishe uadilifu hata kama ushahidi wenyewe ni juu ya nafsi zao, au juu ya wazazi na jamaa. Mumeo akisoma hapo, nadhani atakubali kwamba dini haikumpa kichaka cha kujifichia.

Sasa namna ya kusema. Nenda kwa mtoto ukiwa peke yako, wakati ambapo wadogo zake hawapo na hakuna anayeharakishwa na chochote, na ukae chini alipokaa yeye. Usianze na maelezo ya jinsi ulivyochanganyikiwa, kwa kuwa mtoto huyasikia hayo kama utetezi. Mwambie kwa maneno machache: "Zile pesa hukuchukua wewe. Nimehakikisha. Uliniambia kweli kwamba mjomba alikupa, sikukuamini, nikakupiga mpaka ukakubali jambo ambalo hukulifanya. Nimekukosea, naomba unisamehe." Kisha nyamaza. Anaweza kulia, anaweza kukasirika, anaweza kusema "haya" na kuomba ruhusa ya kwenda kucheza. Pokea lolote litakalokuja. Usimdai akusamehe papo hapo, na usilie wewe kiasi kwamba itambidi yeye ndiye akubembeleze.

Ataulizia ni nani aliyechukua, kama si siku hiyo basi kesho yake. Kwa hiyo mumeo anapaswa kuwa amekwishaamua kabla hujakaa na mtoto. Zungumza naye usiku mmoja kabla, mweleze kwamba la kwako unalisema, na kwamba la kwake ungependa aliseme mwenyewe. Ni afadhali sana litoke kinywani mwake. Likitoka kwako linakuwa shitaka la mke dhidi ya mume, na mtoto atajikuta anatakiwa kuchagua upande. Likitoka kwake linakuwa baba anayekiri, na hilo mtoto hatakiwi kuliamulia chochote. Aseme kwamba alichukua pesa isiyo yake, akaichezea kamari kwenye simu, ikaliwa, na kwamba alifanya vibaya. Hapo inatosha. Mtoto hana haja ya kujua mechi zilikuwa ngapi, mna madeni gani, mlitupiana maneno gani chumbani, wala kama hii ni mara ya kwanza au ya tano. Kipimo changu ni hiki: mwambieni kila kinachomhusu yeye na kinachomwondolea lawama, na yale yanayohusu ndoa yenu na mfuko wenu yabaki kwa wakubwa. Wala msimwambie "hii ni siri yetu, usimwambie mtu". Amebeba mzigo wenu wiki kadhaa sasa, msimtue huu na kumtwisha mwingine.

Kuna swali moja litakalokuja, na ninakuomba usilijibu wewe. Nalo ni hili: "Baba, ulikuwa barazani. Mbona ulinyamaza nikipigwa?" Nikiwa mkweli kwako, hilo ndilo lililonichoma katika barua nzima kuliko hata pesa yenyewe. Kuchukua Sh 240,000 ni kosa la mtu aliyezidiwa na tamaa. Kukaa kwenye kiti ukimsikiliza mwanao akikiri wizi wako, kisha ukasema "ameshakubali kosa", ni jambo jingine. Mumeo hana jibu zuri la swali hilo na asitafute zuri. Akisema "niliogopa, nikaona aibu, na nilikosea sana kukuacha upigwe", atakuwa amejibu. Wewe usimkatize ili kumtetea, na usimuongezee makali.

Kama akikataa kabisa? Mpe muda wenye mwisho, siku chache, tena muulize kama angependa awepo mtu mzima anayemheshimu, baba yake mdogo au kaka yako, akae naye kwanza. Lakini radhi yako wewe isingoje. Ikibidi, mwambie mtoto kwamba aliyechukua ni mtu mzima, kwamba umekwisha kusema naye, na kwamba si kazi ya mtoto kulishughulikia. Akikutazama usoni akauliza, "Ni baba?", usikane. Mwambie, "Hilo nataka baba akwambie mwenyewe." Atakuwa ameelewa, najua, ila hutakuwa umemdanganya mara ya pili.

Baada ya hapo inabaki sehemu ambayo wazazi wengi huiruka. Mtoto alichafuliwa hadharani, na hawezi kusafishwa chumbani. Neno lifike kila mahali lile la kwanza lilipofika, na hesabu yake umeitoa mwenyewe: uani, kwa bibi, kwa ustadhi, kwa mwenyekiti wa kikoba. Habari njema ni kwamba kumsafisha mtoto hakukulazimishi kumvua nguo baba yake mbele ya watu. Kwa wapangaji wenzako, siku mmekaa mkichambua mchele, mtoto akiwapo, sema, "Ile pesa nimejua ilikokwenda, mwanangu hakuigusa, nilimwonea." Watakaotaka kudodosa waambie ni mambo ya nyumbani kwako. Ukimsikia mtoto yeyote akitamka lile jina la Mdokozi, mkanye hapo hapo, mbele ya mwanao. Kwa ustadhi nenda wewe mwenyewe, usimtume mtoto, kwa kuwa huko alikanywa mbele ya wenzake kwa sababu yako.

Kwa mwenyekiti ndiko kuzito, maana ulimpa sababu isiyo ya kweli kuhusu pesa ya kikundi. Mwambie kwamba pesa ilipotea mikononi mwako kama mweka hazina, kwamba umeilipa, na kwamba mtoto hahusiki. Huenda wanachama wakataka mweka hazina mwingine. Wana haki hiyo, na mimi ningewaelewa. Wakikuacha uendelee, pendekezeni sheria kwamba mwanachama asiyeweza kuhudhuria atume mchango wake kwa mwenzake atakayeufikisha mkutanoni, mbele ya sanduku, ili pesa ya watu 22 isilale tena ndani ya kopo. Kufuli tatu hazina maana kama pesa inaweza kukaa chini ya khanga.

La mumeo na kubeti ni refu kuliko nafasi niliyo nayo, na linastahili barua yake. Kwa sasa ninasema tu kwamba mtu aliyecheza tena ili arudishe alichopoteza hajaacha kwa sababu ya kuliwa mara moja, na kwamba ada na pesa ya chakula zisipitie kwenye simu yake kwa muda.

Na la fimbo nisilipite. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza adhabu za kikatili na zinazomdhalilisha mtoto, na inampa mtoto haki ya kusikilizwa katika mambo yanayomhusu. Siitaji ili ikutishe, ila pale uani haki zote mbili zilivunjwa kwa wakati mmoja. Ukiona miezi inapita naye bado haingii chumbani, halali vizuri, au amejitenga na wenzake, mwone afisa ustawi wa jamii wa kata yenu, au piga namba 116, simu ya huduma kwa watoto, ambayo haina gharama na hupokea wazazi pia.

Nimebakiza baiskeli. Tanga ni mji wa baiskeli na sitaki kumnyima mtoto yake, lakini msiinunue sasa. Ikija kabla ya maneno itakuwa hongo, na ikija siku ile ile ya maneno itafanana na malipo, naye atashindwa kuendelea kukasirika hata kama bado ana hasira. Ingojeni mpaka afaulu mtihani au Idi ifike.

Kwa sasa endelea kumtuma dukani kama kawaida. Akiipanga chenji mezani, mwambie, "Sina haja ya kuhesabu," na uichukue vivyo hivyo, kila siku, hata kama itachukua mwezi. Halafu itafika siku atakayoiweka tu kwenye kona ya meza, akatoka mbio kwenda kucheza. Siku hiyo usimwite kumsifu. Ichukue, itie kwenye mkoba wako.